Mashine Mbili, Ua Mmoja

Nakhisa alikuwa ameosha magari pale Kalerwe kwa miaka sita kabla Opoka hajafungua kituo chake ng'ambo ya barabara. Miaka hiyo yote hakukosa washindani. Wawili walikuwa karibu na mtaro, mmoja akaja nyuma ya kituo cha mafuta, na mwishowe kila aliyepata mashine ya presha na pipa la maji aliandika "Tunaosha" kwenye ubao akasimama kando ya njia. Nakhisa, mwanamke wa Bungoma aliyekuja Kampala na mashine moja iliyokwisha kutumika, aliwazoea wote. Opoka hakuzoeleka.

Alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtu wa Kitgum, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha. Alileta mashine mbili mpya za petroli, akatoza nusu ya bei ya Nakhisa, na siku ya kwanza akasimama katikati ya barabara akiyaelekeza magari upande wake. Kufikia mwisho wa wiki, madereva ambao Nakhisa aliwajua kwa majina ya watoto wao walikuwa wakimpita wakijifanya wanatazama simu.

Kisha yakaja maji. Opoka alichimba mfereji ulioingiza maji yake machafu kwenye kalavati, yakapita chini ya barabara na kutokea kwa Nakhisa. Asubuhi moja Nakhisa alikuta matope yenye mafuta yamefika kwenye benchi la wateja. Akavuka barabara.

"Afande, maji yako yanakuja kwangu."

Opoka alikuwa akipangusa kioo cha gari. Hakugeuka. "Maji inaenda chini. Wewe uko chini."

"Mfereji umeuchimba wewe."

"Kama hutaki, rudi kwenu Kenya. Huko milima iko mingi."

Acayo, mke wake, alikuwa ameketi juu ya ndoo akisuuza vitambaa. Yeye na Nakhisa walikuwa wakinunua mboga kwa mwanamke mmoja sokoni na walikuwa wakisalimiana kila jioni. Aliinamisha kichwa akaendelea kusuuza.

Nakhisa akavuka kurudi kwake. Alasiri hiyo alijaza magunia mchanga, akayapanga kwenye mdomo wa kalavati upande wake na kuyakanyaga hadi yakakaza. Mvua ya siku ya pili ikayarudisha maji yote yalikotoka. Mashine moja ya Opoka ililowa, ikakaa siku tatu bila kuwaka. Siku ya nne Nakhisa alikuta mpira wake wa maji umekatwa vipande viwili, kwa kisu kikali. Hakumwona aliyeukata na hakuuliza. Tangu siku hiyo hakumsalimia hata Acayo.

Mambo yalikuwa hivyo Hajati Rukiah alipowapigia simu wote wawili. Alikuwa mjane mwenye nyumba tano za kupangisha huko Lubaga, na kuta zake zilikuwa zimeota ukungu, kabro, yaani matofali yaliyotandazwa uani, zimekuwa nyeusi. Aliwaita siku ileile, saa ileile, bila kumwambia yeyote kuwa mwenzake anakuja. Walipokutana langoni, Hajati alikuwa ameshuka hadi ngazi ya mwisho akiwasubiri.

"Wewe mama utafanya kushoto, na wewe mzee kulia," alisema. "Ukuta na ua. Atakayenipendeza nitampa nyumba zote tano aoshe, kila baada ya miezi mitatu."

"Mimi sifanyi kazi na huyu," Opoka alisema.

"Basi nenda. Waoshaji sasa wako wengi kuliko uchafu."

Hakwenda. Nakhisa alijua kwa nini. Wiki iliyotangulia mtu mwingine alikuwa amefungua hatua mia kutoka kwa Opoka, akatoza bei ya chini kuliko yake, na magari yaliyomkimbia Nakhisa yalikuwa yameanza kumkimbia Opoka pia.

Wakaanza. Nakhisa alipapasa ukuta kwanza kwa kiganja, akaona rangi ni ya zamani na plasta ni laini, akachagua pua pana ya bomba na kupunguza nguvu. Opoka alichukua pua nyembamba kuliko zote. Kwenye sabuni alichanganya dawa kali ya kusafishia vigae vya chooni, ile inayowasha macho ukiwa mbali. Maji yake yalipiga kama changarawe. Ukungu ulitoka haraka, na mara kwa mara bomba lilielekea kushoto kwa makusudi, povu likamrukia Nakhisa miguuni.

"Afande, angalia."

"Upepo," Opoka alisema.

Nakhisa akalielekeza bomba lake upande wa pili, akamlowesha suruali hadi magotini. Hawakusema tena. Acayo, aliyekuwa akijaza tangi la mumewe, alimtazama Nakhisa kwa chuki ya wazi.

Karibu saa nne pua ya Opoka iliziba mchanga. Mtu anayejua kazi huzima injini kwanza. Opoka hakutaka kupoteza dakika. Aliendelea kubana kishikio, akapeleka kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kwenye tundu ili auondoe mchanga. Pua ikazibuka. Alitukana, akakung'uta mkono, akakitazama kidole. Kilikuwa na kitone kidogo kama alama ya kuchomwa na mwiba. Hata damu haikutoka. Akacheka kidogo, akarudi kazini.

Nakhisa alikiona kile kitone.

Kaka yake Makokha alikuwa amefanya kazi ya kupiga rangi kwa presha katika gereji moja Nairobi. Alirudi nyumbani siku moja na tundu kama hilo kwenye kidole gumba, akalala, akaenda kazini kesho yake. Siku ya tano walimkata mkono kwenye kifundo. Daktari aliwaeleza kuwa kinachoingia kwa nguvu ile hakikai kwenye ngozi. Hupenya, kikafuata kano mpaka ndani ya kiganja, na huko huiozesha nyama wakati nje panaonekana salama. Na Opoka alikuwa amejipiga maji yenye dawa ya chooni.

Nakhisa aliosha mistari miwili mizima ya kabro akiwa na habari hiyo kifuani. Ndipo akazima mashine, akaenda.

"Afande, acha kazi. Hiyo ni ya hospitali."

"Nini?"

"Kidole. Dawa imeingia ndani. Kaka yangu alipoteza mkono hivyo hivyo."

Opoka alikinyanyua kidole mbele ya uso wake. "Hii? Mimi nilipigwa risasi ya paja, nikatembea siku mbili. Unataka niende Mulago nipange foleni, wewe ubaki na nyumba tano."

"Sitaki chochote chako."

"Basi rudi upande wako."

Acayo aliuliza kuna nini. Opoka alimjibu kwa Kiacholi, maneno machache, na wote wawili wakamtazama Nakhisa namna mtu anavyomtazama mwizi aliyekosa kuiba. Nakhisa akafyonza. Angeweza kumgeukia Acayo akamweleza polepole. Hakumgeukia. Alirudi upande wake na kuwasha mashine, na kwa muda wa saa moja na nusu hakutazama kulia.

Alitazama aliposikia injini inanguruma bila maji kugonga ukuta. Bomba lilikuwa chini. Opoka alikuwa ameegemea ukuta, ameushika mkono wa kushoto kwa wa kulia. Kidole kilikuwa kimevimba na kuwa cheupe, kimenyooka, hakikunjiki. Uso wake ulikuwa umejaa jasho.

Safari hii Nakhisa alimwendea Acayo moja kwa moja.

"Dada, mpeleke Mulago sasa hivi. Usiseme amejikata. Sema ni mashine ya presha, na umtajie daktari dawa mliyotia. Chukua na chupa."

"Usimsikilize," Opoka alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Acayo alikitazama kidole, kisha akamtazama Nakhisa. Aliinama akazima injini, akachukua chupa ya dawa na kuifunga kwenye kitambaa.

"Twende," alimwambia mumewe.

"Kazi haijaisha."

"Nimesema twende."

Walipanda bodaboda moja wote wawili, Opoka katikati, mkono ameuinua juu.

Hajati alitokea kwenye roshani akauliza mbona upande mmoja umenyamaza. Nakhisa alimweleza. Hajati akaguna, akauangalia ukuta wa kulia ambako rangi ilikuwa imebanduka mabaka mabaka.

"Basi malizia na wa kwake," alisema.

Nakhisa alimalizia. Aliisuuza ile dawa kwenye kabro kabla haijazila zaidi, na jioni alikubali nyumba zote tano. Alifurahi, na furaha hiyo ilimkera, lakini haikumfanya akatae.

Opoka alikatwa kidole hicho na cha kando yake. Kiganja kilipona. Kalerwe nzima ikapata habari, kila mtu na yake: kwamba yule Mkenya alimloga, kwamba aliilegeza mashine ya mwenzake. Dereva mmoja alishusha kioo, akamwita mchawi na kuondoa gari.

Baada ya mwezi Opoka alivuka barabara, mkono ukiwa umefungwa bandeji. Nakhisa aliendelea kukunja mpira.

"Ulijua," Opoka alisema.

"Nilikwambia."

"Uliniambia mara moja."

"Ungesikia ya pili?"

"Hapana. Lakini mke wangu angesikia. Ulimwona amesimama pale."

Nakhisa aliweka mpira chini.

"Na mimi mpira wangu nani aliukata?" aliuliza.

"Mimi," Opoka alisema bila kusita. "Na ukiziba tena maji nitaukata tena."

"Nitaziba."

Opoka alitema mate kando ya kiatu chake, akarudi kwake. Wiki hiyo Acayo ndiye aliyeshika bomba. Alilishika vizuri, akizima injini kila mara kabla ya kugusa pua. Siku moja walikutana kwa muuza mboga, na Acayo akazungumza akichagua nyanya.

"Daktari alisema chupa ilimsaidia. Nakushukuru kwa hiyo. Lakini usivuke kuja kwetu."

"Sivuki," Nakhisa alisema.

Akalipia sukumawiki, akaenda kufunga mashine kwenye bodaboda. Nyumba ya pili ya Hajati ilikuwa ikimsubiri Lubaga.