Mkwe Haguswi

Bi Sihaba wa Fukayosi hakuogopa ndege, hakuogopa baridi, wala chakula cha Uswisi hakikumtisha, maana unga wa muhogo alishausaga na kuufunga. Alichoogopa ni mkwewe. Na usidhani mkwe alikuwa mtu mbaya, la hasha! Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi. Ausi alikuwa mpole mpaka anakera, na Bi Sihaba alimpenda. Shida ni ukwe wenyewe. Kwa Wakwere wa umri wake, mama hampi mkono mume wa bintiye, haketi naye mkeka mmoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha pembeni. Sasa mtu kama huyo anaambiwa akakae miezi mitatu kwenye nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tano, yeye na mkwe, choo kimoja. Jamani!

Lakini Samia, bintiye, alikuwa na mimba ya miezi saba. Ya kwanza ilitoka hukohuko ugenini, akalia peke yake kutwa nzima mpaka mumewe aliporudi kutoka kazini. Safari hii alipiga simu akasema neno moja tu: "Mama, nakutaka wewe." Bi Sihaba akalia siku mbili, na bado hakusema ndiyo.

Ndipo Ausi akaja mwenyewe kutoka Uswisi. Alhamisi walitakiwa wawe ubalozini, Dar es Salaam, mama akaweke alama za vidole za viza. Na siku aliyofika ilikuwa Jumatano. Mkwe alikaa barazani, mama akakaa ndani nyuma ya pazia, na kizingitini akakaa Dija, mdogo wake Bi Sihaba, kupeleka maneno huku na huku ingawa kila mtu alikuwa anasikia.

"Mwulize hiyo kazi yake ni kazi gani," alisema Bi Sihaba. "Nasikia anatengeneza kitu ambacho kikigusa chochote, vyote viwili vinatoweka. Mwanangu analala nyumba moja na mtu wa namna hiyo?"

"Umesikia," Dija alimwambia Ausi. "Jibu, baba."

Ausi alikohoa. "Mwambie mama ni kweli, ila ni vitu vidogo mno. Tunaunda atomu za haidrojeni, lakini za kinyume. Tunaziita antimata. Kila chembe ya haidrojeni hii ya kawaida ina pacha wake wa kinyume. Sisi tunawachukua hao pacha, tunawapoza kwa baridi kali, tunawaunganisha. Hata ukikusanya zote tulizowahi kuunda, ncha ya sindano haijai."

"Na mnaziweka wapi, kama hazitakiwi kugusa kitu?" Bi Sihaba alimsahau Dija, akauliza moja kwa moja.

"Ndani ya chombo kisicho na hewa, mama. Sumaku zinazizuia pande zote zibaki katikati. Zinakaa humo saa nyingi bila kugusa ukuta."

Bi Sihaba akalisogelea pazia. "Kumbe! Chombo kimoja, na hakuna kugusana."

"Ukwe huo!" Dija alipiga kofi gotini, akacheka mpaka ushungi ukamdondoka.

"Na faida yake nini?" aliuliza Bi Sihaba.

"Tunataka kujua kama zinafuata kanuni zilezile kama vitu vingine. Tuliwahi kuzifungulia chombo, juu na chini, tuone zitaelekea wapi. Wapo waliodhani huenda zitapaa. Nyingi zikaanguka chini, kama korosho tu." Sauti ya Ausi ilichangamka. "Lakini lipo fumbo, mama. Tunavyojua sisi, mwanzo kabisa vitu hivi na vya kinyume vilikuwa sawa kwa sawa. Vingegusana vyote, vikatoweka, pasingebaki kitu. Mbona sisi tupo? Hakuna ajuaye."

"Mungu anajua."

"Ndiyo, mama. Sisi tunamwuliza."

Jibu hilo lilimkaa Bi Sihaba vizuri moyoni. Akabaki na swali lake la mwisho, lile lililomkosesha usingizi. "Na mtoto? Samia atakuwa amelala, Dija yuko huku Fukayosi. Wewe umempakata, mimi nataka kumwogesha. Nani atanipokeza?"

Ausi alifikiri. "Nitamlaza kitandani, nitarudi nyuma hatua tatu, ndipo mama umchukue. Tufanye majaribio."

Dija hakungoja kuambiwa mara mbili. Alileta nanasi kubwa, akalivisha kanga, kishungi chake kikachomoza. "Na nywele tayari linazo," alisema, akamkabidhi Ausi.

Ausi akalilaza kwenye benchi la barazani, akarudi hatua tatu. Bi Sihaba alitoka ndani, uso kaugeuzia kando, akalipakata. Safi. Wakarudia, safi tena. Mara ya tatu Ausi alishajiamini, akaliweka ukingoni mwa benchi. Nanasi likabingirika.

Bi Sihaba hakuona nanasi. Aliona mtoto wa Samia anaanguka. Aliruka, na Ausi akaruka, na mikono minne ikakutana chini ya kanga, shubiri moja tu kutoka kwenye saruji.

Dija aliziba mdomo. Bi Sihaba alivisikia viganja vya mkwewe vimelowa jasho. Miaka yote miwili tangu mimba ya kwanza itoke alimhurumia Samia peke yake. Hakuwahi kujiuliza kama kijana huyu naye alilia, kama naye usiku halali. Moyo ulimuuma, akaona haya, na mikono hakuiondoa.

"Nisamehe, mama," Ausi alisema.

"Tumegusana, mkwe."

"Ndiyo, mama."

"Na tupo."

Ausi akainua macho, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aoe. "Tupo, mama."

"Dija," alisema Bi Sihaba, nanasi likiwa bado mikononi mwao wote wawili, "lile begi langu la safari liko uvunguni. Lilete."