Shuka Kavu

Fundi cherehani alikuja na teksi akamwambia dereva asubiri, maana alikuja kumchukua mama yake. Mwaka mzima mama, ambaye hakuweza kuinuka, alikuwa analala kwa mwanawe wa kiume, akiuguzwa na mkewe. Na huyo wifi, jamani, mtaa mzima ulimsifu kwa usafi.

Kweli, chumba kilikuwa kinang'aa. Mashuka meupe aliyoyashona fundi mwenyewe yalikuwa yamekunjwa kabatini, na kamba ya kuanikia uani ilikuwa tupu. Mgonjwa wa kitandani, halafu hakuna hata shuka moja linaloanikwa? Fundi akamtazama mama vizuri. Midomo ilikuwa imepasuka. Alipomfinya ngozi ya mkono, ilibaki imesimama vile vile.

"Maji," mama alinong'ona. Kisha akasema, "Nichukue."

"Wifi, kwani mama hanywi maji?"

"Anakunywa. Vijiko asubuhi, vijiko jioni. Akizidisha anakojoa, na anayefua ni nani? Wewe si uko kwako na cherehani yako!"

Aliyasema hivyo hivyo, makavu, bila haya. Loo! Kwa hasira fundi akaenda jikoni kujaza jagi.

Wifi akamzibia mlango. "Haba na haba, wifi. Mpe kidogo kidogo, au mpeleke kwanza hospitali. Nesi aliwahi kuniambia, aliyekauka hajazwi kwa mkupuo."

"Bado unampimia tu! Nipishe huko."

Ndivyo hasira ilivyo: neno la kweli likitoka kwenye kinywa usichokipenda, unalitema. Mama alimaliza jagi la kwanza kwa pupa, akaomba jingine, na jingine tena. Nuru ikamrudia machoni. "Una mkono wa heri, mwanangu," akasema, na fundi akalia kwa furaha huku akimfungashia nguo.

Hata hawajatoka chumbani, mama akalalamika kichwa kinamuuma. Akatapika. Kisha mwili ukamkakamaa, ukaanza kutikisika hadi kitanda kikawa kinagonga ukuta. Teksi iliyokuja kumpeleka kwa bintiye ikampeleka hospitali, na huko hakufika hai.

Daktari alikuwa mpole, na heri angetukana. "Maji hufuata chumvi," alieleza. "Damu yake ilipopungua maji, chumvi ikazidi, ikayavuta maji yaliyomo ndani ya seli. Seli za ubongo zikajihami: polepole zikajiwekea akiba ya chumvi ndani, ili maji yaliyobaki yasitoroke. Sasa ulipommiminia maji ghafla, damu ikawa nyepesi, na maji yote yakakimbilia ndani ya seli. Zikavimba, na fuvu halitanuki. Angerudishiwa taratibu, kwa siku kadhaa, pengine angepona."

Wifi, aliyekuja nao kwenye teksi, alikuwa benchi la pili, anasikia kila neno. "Mimi nilimnyima, sawa," akasema. "Lakini kwangu alikuwa hai."

Fundi alimchukia wifi yule kuliko kitu chochote duniani, lakini safari hii neno lake hakulitema.

Waliporudi nyumbani, wifi aliingia chumbani kabla hata ya kuwapa watu habari ya msiba. Akalivuta shuka kitandani, limelowa chapachapa, akamtupia fundi miguuni.

"Haya, binti wa mama. Fua."

Fundi akaliokota. Akaenda uani, akalifua, akalianika.