Shati la Sitini na Sita

Kocha Eugene aliita mara mbili kabla Levi hajatambua kwamba sitini na sita ni yeye. Aliinamisha kichwa akatazama kifua chake. Namba ilikuwa palepale, nyeupe juu ya kijani.

"Sitini na sita, nakuita," Eugene alirudia, safari hii polepole. "Uko sawa?"

"Niko sawa, kocha. Ni hii helmeti, inaziba masikio."

Helmeti ilikuwa kwapani mwake.

Eugene aliiona. Alifungua kinywa, kisha akageuka kuwaelekeza wengine, maana mapumziko yalikuwa yanakwisha na timu yake ilikuwa nyuma. Ilikuwa nusu fainali ya ligi ndogo ya mpira wa Kimarekani jijini Johannesburg, mchezo ambao hata majirani wa uwanja ule wa Braamfontein walidhani ni raga iliyoharibika. Watazamaji walikuwa wake, wachumba, na wapita njia wenye mbwa. Lakini kwa wale waliovaa pedi mabegani, mwaka mzima ulikuwa haujaleta siku kubwa kuliko hiyo.

Juu jukwaani, Cecilia, mke wa Levi, hakuwa akiutazama mchezo. Alikuwa akimtazama mumewe.

Walikuwa wamepatana asubuhi, jikoni kwao Berea. Mapema mwezi huo Levi aligongana vichwa na mchezaji wa Pretoria, akalala chini kupita kawaida, kisha akainuka akisema ni pumzi tu iliyomkatika. Tangu siku hiyo alikuwa akimwita binti yao Eva kwa jina la Kawira, dada yake mwenyewe aliyeko Meru, Kenya. Eva alimsahihisha kwa Kizulu, akicheka, mpaka siku moja akaacha kucheka. Kule Jeppestown, kwenye karakana anakoshona viti vya magari, Levi alivisha kiti kizima ngozi ikiwa imegeuzwa ndani nje, akasimama akikitazama bila kuona kosa. Kila mara alikuwa na sababu. Joto. Uchovu. Usingizi mchache.

Cecilia hakubishana. Mama yake ni mtu wa Morogoro, aliyeolewa na mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni huko, na kwa mama huyo alijifunza kusema jambo mara moja tu.

"Baba Eva, cheza," alimwambia, akimkunjia soksi begini. "Lakini ukisahau kitu kimoja kule uwanjani, kimoja tu, hospitali ni leo. Hata kuoga huogi."

Levi alikubali upesi. Mengine yote yangeweza kumtoka kichwani, si mambo ya uwanjani.

Alikuja mji huu akiwa kijana, akifuata majaribio ya raga ambayo hayakuzaa kitu. Aibu ya kurudi nyumbani ndiyo iliyomweka Jeppestown, mwanzo akifagia vipande vya ngozi, baadaye akivishona. Jumapili moja akitoka kanisani alikuta watu bustanini wakirushiana mpira wenye umbo la yai. Eugene, Mkenya mwenzake afanyaye kazi benki, aliyeujua mchezo huo alipokuwa akisoma Marekani, alimwuliza anacheza nafasi gani.

"Penye pengo," Levi alijibu.

Watu walicheka, lakini ndivyo mambo yalivyokwenda. Mwaka wa kwanza alipiga mpira kwa mguu, kwa sababu mpigaji alihamia Durban. Uliofuata alikuwa mpokeaji, mbio zake zikawa habari za timu nzima. Kisha akawekwa kwenye ukuta, ule mstari wa watu wazito wanaomkinga mrushaji, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mzito. Alijifunza kuinama chini zaidi ya wengine. Mrushaji alipovunjika kidole, Levi alirusha hadi msimu ukaisha. Alicheza ulinzi. Alicheza nafasi ambazo Eugene alikuwa na haya kumwomba mtu mwingine.

Kwa kuwa katika mchezo huo namba ya shati hufuata nafasi, Levi alikuwa na mashati mengi kuliko suruali. Siku moja Cecilia alipokuwa akiyaanika barazani, jirani wa ghorofa ya chini alimwuliza, kwa adabu, ni wanaume wangapi hasa wanaoishi humo ndani.

"Mmoja," Cecilia alimjibu, "ila hajaamua ni yupi."

Levi alilipenda jibu hilo. Kwingine alikuwa fundi mmoja kati ya mafundi, mpangaji mmoja katika jengo la wapangaji. Uwanjani, Eugene aliliona pengo, kisha akamtafuta yeye kwa macho. Alichokiogopa ni siku ambayo macho hayo yangemtafuta mtu mwingine.

Dakika za mwisho zilifika wakiwa nyuma kwa pointi mbili. Mpokeaji wa upande wa kulia alitegua kifundo cha mguu, akatolewa akichechemea. Eugene aliliona pengo. Macho yake yakaja kwa Levi.

"Toka ukutani. Nenda kulia, ukadake."

Hapakuwa na muda wa kubadilisha shati. Kwa hali kama hiyo kuna desturi yake. Katika ligi yao mwenye namba ya ukutani haruhusiwi kupokea mpira, mpaka kwanza amwendee refa, apitishe kiganja juu ya namba yake kifuani, na refa awatangazie wapinzani kwamba huyu leo anaweza kudaka. Ni jambo la kupepesa jicho. Levi ndiye aliyewafundisha wachezaji wote wapya wa timu ile. Aliwaambia ni kama kubisha hodi: mlango uko wazi, unaingia, lakini hodi lazima.

Alikwenda moja kwa moja hadi kulia, akainama, akasubiri.

Jukwaani, Cecilia aliweka chini chupa yake ya maji na kusimama.

Sipho, mrushaji wao, alirudi nyuma, akatazama kushoto ili awadanganye, kisha akaachia. Mpira ulipaa. Levi alikuwa tayari anakimbia kuelekea kona, shingo ameigeuza, na kwa muda ule mfupi kila kitu mwilini mwake kilijua kazi yake. Miguu ilijua. Vidole vilijua. Mpira ukatua mikononi, akauvuta kifuani, akavuka mstari wa mwisho na kuanguka juu ya mpira.

Watu wa kijani walikuja kwa makelele. Pacifique, Mkongo wa Bukavu mwenye mwili kama friji, alimwinua juu pamoja na pedi zake zote. "Grand, umetuokoa," alisema, akimwita kaka mkubwa kama wasemavyo kwao.

Wakati huo kitambaa cha njano cha refa, alama ya kosa, kilikuwa kimekwisha lala kwenye nyasi.

Refa, mwanamke mrefu wa Soweto, alieleza bila ukali. Sitini na sita hakuripoti. Pointi hazihesabiwi, mpira unarudi nyuma. Sipho alishika helmeti yake kwa mikono miwili, akaguta "eish" ya uchungu. Eugene alikuja mbio hadi ndani ya mstari.

"Umesahau tu, bana," alisema. "Yeyote angesahau. Rudi ukutani, bado tuna nafasi."

Levi angeweza kurudi. Miguu ilikuwa mizima. Cecilia alikuwa ameshuka hadi ukingoni mwa uwanja, funguo za gari mkononi. Levi alijaribu kujiona akipita mbele ya refa dakika ile iliyopita. Alitafuta ile haraka iliyomfanya asisimame, au uzembe, au kiburi. Hakukuta chochote. Palikuwa peupe, kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Kocha," alisema, "sikusahau kuripoti. Nilisahau kwamba kuna kuripoti."

Levi akavua helmeti. Eugene alinyoosha mikono yote miwili, akaipokea helmeti taratibu, kama mtu anayepokezwa mtoto aliyelala.

"Nilikuona pale mapumziko," alisema. "Nilihitaji mtu, nikajifanya sijaona. Nenda, Levi."

Hospitalini foleni ilipinda mara mbili. Levi alikaa na suruali yake ya kubana, soksi hadi magotini, matope yakikauka na kudondoka sakafuni. Bibi mmoja aliyeketi mkabala alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamwuliza Cecilia kwa Kizulu kama mumewe ni askari wa aina gani. Cecilia alisema ni wa akiba. Bibi akainamisha kichwa kwa heshima, akasogea kidogo ili askari apate kunyoosha mguu.

Wakampiga picha za kichwa, wakamwuliza mwezi gani, mji gani, wakamwambia arudie maneno. Mengine aliyakumbuka, mengine Cecilia aliyasikia yakipotea, akaendelea kumshika mkono bila kuubana. Jua lilikuwa limeshuka dirishani daktari alipowaita. Alikuwa kijana, amechoka, na alizungumza kama mtu anayependa kuanza na la muhimu. Hakuna damu iliyovuja. Ubongo umetikisika, na leo umetikisika tena kwa migongano ya ukutani kabla haujapona mtikisiko wa kwanza. Utapona, ukipewa utulivu. Lakini mchezo huo basi.

Levi aliuliza kama basi maana yake ni msimu huu. Daktari alisema maana yake ni basi.

"Na kupiga kwa mguu tu? Mpigaji hagongwi sana."

"Hata kupiga."

Levi alisubiri uchungu uje. Alikuwa ameuandalia nafasi kwa miaka. Badala yake kilikuja kitu kingine, kama kutuliwa mzigo, kikianzia mabegani na kushuka polepole, mpaka akalazimika kuegemea kiti. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hapana kwa namna ya kumaliza jambo. Alicheka kidogo, akaona Cecilia anashtuka, akamwambia asiogope, kichwa hakijaharibika zaidi. Cecilia ndipo alipolia, haraka, kama mtu anayefuta meza, na akamaliza.

Walipokuwa garini, wamesimama kwenye taa nyekundu ya barabarani, robot kama waitavyo huko, Eugene alipiga simu. Aliuliza habari za kichwa, akasikiliza hadi mwisho, akamshukuru Mungu. Levi ndiye aliyelazimika kuuliza matokeo.

"Tumeshinda," Eugene alisema, karibu kwa kuomba radhi. "Sipho alikimbia nao mwenyewe mpaka karibu. Halafu Pacifique akapiga."

"Pacifique? Hajawahi kupiga."

"Na ilionekana. Mpira ulipita kati ya nguzo kama bata anayefukuzwa. Lakini ulipita."

Kitu kilimchoma Levi, chembamba kama sindano yake ya kazini. Kilichoma, kikatoka upande wa pili. Alimwona Pacifique, friji zima, akirudi nyuma hatua zake na kuinua mguu, na akajikuta anataka kujua alisimama vipi, aliuelekeza mguu wapi. Robot ikawa ya kijani. Cecilia akaondoa gari.

Jumamosi ya fainali walifika mapema, Levi akiwa na kofia ya kawaida ya jua. Hakujua akae wapi. Benchi lilikuwa la wachezaji, na jukwaani hakuwahi kukaa. Yule refa mrefu alimkuta amesimama hivyo, akamtambua, akauliza hali yake. Kisha akamweleza kwamba watu wa kushika mnyororo hawajatokea. Ni mnyororo wa kupimia, wenye nguzo kila upande. Timu ikisogea urefu wake, inapewa nafasi mpya, na mnyororo unahamishwa mbele.

"Mtaweza kutembea pamoja?" refa aliwauliza.

"Tutajaribu," Cecilia alisema, akachukua nguzo ya mbele.

Levi alishika ya nyuma. Mchezo ulianza. Wenye kijani walisukuma, wakaanguka, wakainuka, wakasukuma tena, na mahali pake ukutani palikuwa na mgongo wa mtu ambaye hakuweza kumtambua kutoka nyuma. Filimbi ikalia. Refa akaonyesha mbele kwa mkono. Cecilia aliing'oa nguzo yake, akageuka kumtazama kama yuko tayari, na mnyororo ukainuka polepole kutoka kwenye nyasi katikati yao.