Alichokiona Merle

Athol Tranter aliiandikia idara ya misitu kwamba amemwona bundi kwenye mkaratusi mkubwa nyuma ya nyumba yake, huko bonde la Huon. Bundi wa Tasmania wamebaki wachache, na kiota chao kikithibitishwa, miti inayokizunguka haiguswi. Mashine za kukata zilikuwa zimeshafika njia panda.

Idara ikamtuma mtafiti, Leanne Kostka. Merle, mke wa Athol, akamwandalia chai na keki.

"Mzee, usinichukie kwa kuuliza," Leanne alisema. "Wapenda msitu huniambia wameona bundi kila tawi. Watu wa kiwanda cha mbao hawajawahi kuona hata unyoya. Sasa mimi nimwamini nani?"

"Mimi. Jioni ile alikaa palepale, akalia kwa sauti ya kukwaruza."

"Na macho yako yakoje?"

Athol akacheka. "Keki naiona vizuri."

Leanne akamgeukia Merle. "Mama, nawe ulikuwepo?"

Alikuwepo, tena na darubini. Ndege aliyemwona yeye ni yule wa mdomo mpana kama wa chura, mwenye rangi ya gome, anayejibanza tawini utadhani kijiti kilichovunjika. Wageni humwita bundi, naye si bundi. Merle akamtazama mumewe, aliyezaliwa kando ya miti ile. Athol alikuwa ameshaanza kutabasamu, akilingoja jibu lake.

"Nilimwona mdomo-chura," Merle alisema. "Bundi sikumwona."

Athol akaweka kikombe chini taratibu. "Si huyo, mke wangu. Wa pili, aliyetoka ndani ya mti."

"Sikumwona, Athol. Nisemeje?"

Msitu ukaruhusiwa kukatwa.

Siku mkaratusi ulipoanguka, vyombo vililia kabatini. Mchana, jirani yao Darcy, mmoja wa wakataji, alikuja mlangoni akiwa amekumbatia koti lake. Ndani mlikuwa na kinda la bundi, manyoya meupe kama pamba, shingo imelegea.

"Lilikuwa kwenye pango la mti," alisema. "Mama yake alituzunguka juu, akazunguka, halafu akaenda zake. Sikujua nimpelekee nani."

"Umefanya vyema," Athol alimwambia, akalipokea kwa mikono miwili.

Walilizika kwenye bustani. Merle akashindwa kuvumilia. "Nimeliua mimi."

"Ulisema ulichokiona," Athol alisema. "Ungesema nini kingine?"

Laiti angemtukana. Laiti angevunja hata sahani, wakagombana, yakaisha. Lakini aliendelea kumpikia chai asubuhi na kumfunika miguu kwa blanketi. Kitu kimoja tu kilikoma. Tangu uchumba wao, Athol hakuwahi kuingia ndani bila habari ya ndege fulani. Sasa alikuwa anarudi kutoka nje, anavua viatu, anakaa.

"Umeona nini leo?" Merle alikuwa akimuuliza.

"Hakuna," alikuwa akijibu kwa upole, akivuta gazeti.