Moshi wa Shemeji

Nilimchukia shemeji yangu hata kabla ya ile sigara ya umeme, tusidanganyane. Ni mdogo wake mke wangu, alikuja kukaa kwetu "kwa muda tu", na huo muda ukaota mizizi. Anakula kwangu, analala kwangu, na kazi pale machimboni nimemtafutia mimi. Lakini chuki yenyewe hasa, ile ya kunifanya nisage meno, ilianza alipoacha sigara za kawaida kwa sababu ya kifua, akanunua limdude la chuma lenye kitufe, kubwa kama tochi, linalotoa moshi wa kufunika gari.

Sasa nisikilize vizuri, maana mimi ndiye nisiyesikia. Sikio langu la kulia liliuawa na baruti. La kushoto linapata maneno mtu akiniinamia, au nikiuona mdomo wake. Pale machimboni tunapasua mwamba kwa baruti. Fundi wa baruti anapiga filimbi, anawasha utambi, na wote tunakimbilia nyuma ya ukuta. Wenzangu wanasikia filimbi. Mimi natazama moshi wa utambi ukipanda juu ya ukingo wa shimo. Nikiuona, natupa nyundo, natimua mbio. Ndiyo maana hakuna aliyekuwa akivuta sigara karibu na mwamba. Mwenye hamu alishuka barabarani. Hakuna aliyeandika popote, watu walijua tu, na walifanya hivyo kwa ajili yangu.

Shemeji akaleta ujuaji. "Huu si moshi," akasema, "ni mvuke."

"Mvuke ni wa sufuria," nikamwambia. "Nenda kavutie barabarani."

Hakwenda. Siku hiyo hiyo nikaona wingu jeupe limetanda juu ya ukingo. Nikatupa mtaimbo, nikakimbia huku napiga kelele, nikajikwaa kwenye karai la kokoto, nikajitupa nyuma ya ukuta na kuziba uso. Nilipoinua kichwa, watu walikuwa wameshika mbavu kwa kucheka. Shemeji alikuwa amesimama kule juu, limdude mdomoni, ananipungia mkono. Mshenzi.

Ikatokea tena, na tena. Nikikimbia, wengine wanakimbia nami, wengine wanabaki wameduwaa, kazi inasimama. Mwishowe msimamizi akanisogelea mpaka nikayaona magego yake.

"Ukikimbia tena na baruti haijawashwa, usirudi hapa," akasema. "Na huyo ni ndugu yenu. Yamalizeni nyumbani kwenu."

Lo! Yaani avute yeye, nifukuzwe mimi! Na nikishafukuzwa, nani mwingine atamwajiri mtu asiyesikia? Nilirudi nyumbani nikaubamiza mlango mpaka komeo likang'oka.

Mke wangu hakuhitaji kuelezwa mara mbili. "Kesho mnakwenda dukani wote wawili," akasema. "Anachagua nyingine, isiyo na moshi. Na sitaki kusikia kelele zenu."

"Afadhali wewe unazisikia," nikamjibu. Hakucheka.

Mwenye duka alikuwa mama mmoja aliyepandisha miwani kwenye paji la uso. Alituuliza tunafanya kazi gani, tukamjibu kwa pamoja, kila mmoja akimkata mwenzake kauli. Akatungoja tumalize. Alipozungumza alinitazama usoni, kwa hiyo neno lake hata moja halikunipita.

"Mko juani, mna vumbi, mna glavu mikononi," akasema. "Basi kitufe sahau, vumbi litakiziba. Mnataka kitu chepesi, chenye kifuniko, kisichokufa kikianguka." Akachukua kidude cha unene wa kidole, kina kofia ya mpira mdomoni na kamba ya kuvaa shingoni. "Hii unavuta tu, inawaka yenyewe. Betri inafika jioni, mradi usiiache juani. Na moshi wake mdogo. Ukiwa nje, hauonekani."

"Hiyo hiyo," nikasema.

"Nani anavuta, wewe au mimi?" Shemeji alikinyanyua kwa ncha za vidole. "Hii si kalamu ya mtoto wa shule? Mama, nipe ile pale iliyovikwa mpira." Alikuwa ameshaiona kwenye rafu, kubwa kuliko limdude lake.

"Ile inakula betri, na itakuchosha mfukoni," mwenye duka akasema.

"Anataka kuniua huyu," nikamwambia yule mama.

"Masikio ndiyo mabovu, shemeji, si sigara yangu. Dunia nzima isivute kwa ajili yako?"

Nilimkunja shati. Mwenye duka akapiga meza kwa kiganja, akatuambia tukapiganie nje. Nikatoka, nikamwacha humo humo, nikatembea njia nzima naongea peke yangu. Shemeji alirudi baadaye na kitu ndani ya mfuko wa karatasi. Sikumuuliza, naye hakusema. Mke wangu alipotaka kujua tumefikia wapi, kila mmoja alitazama sahani yake.

Kesho yake nilikuwa chini ya ukingo, napasua jiwe moja kaidi. Nikainua macho. Moshi mweupe, pale pale anapokaa kila siku. Miguu ikataka kwenda, nikaizuia. Leo sikimbii, nikasema moyoni, leo utavuta mpaka uchoke mwenyewe. Hasira ilikuwa imenifika hapa kooni. Nikaugeuzia ule moshi mgongo makusudi, asipate cha kuchekea, nikaendelea kupiga nyundo.

Mkono ukanikamata bega. Nikageuka, nikamwona shemeji, macho yamemtoka, mdomo unafunguka na kujifunga. Sikusoma neno hata moja. Nilichokiona ni ule mdomo wake tu, nikautia ngumi. Akaanguka. Akainuka, damu kwenye meno, na badala ya kunirudishia akanibana kiunoni na kuniburuta kuelekea ukutani. Nilikuwa bado namtwanga mgongoni mwamba ulipopasuka.

Mimi nilitoka na mikwaruzo. Yeye jiwe lilimwangukia mguuni, na mguu wenyewe madaktari walishindwa kuuokoa.

Msimamizi ndiye aliyenieleza, akiniinamia sikioni kwenye benchi la hospitali. Filimbi ilipigwa, wote wakafika nyuma ya ukuta, shemeji akiwa wa kwanza. Halafu akageuka huku na huku, akauliza, "Shemeji yuko wapi?" Kabla mtu hajajibu, akachomoka.

Muuguzi alinikabidhi nguo za shemeji. Kwenye kola ya shati kulikuwa na kamba. Nikaivuta, kikatoka kile kidude chembamba, kizima, na kofia yake ya mpira. Nikatoka nacho mpaka uani. Mimi sivuti, sijawahi, lakini nilikitia mdomoni, nikavuta, nikapuliza juu, nikatazama. Sikuona kitu. Nikavuta tena kwa nguvu zaidi, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka, na bado hakikuonekana kitu.

Nikarudi wodini. Mke wangu alikuwa amekaa upande wa kichwani kwa mdogo wake, hakunitazama. Nikamwekea shemeji kidude chake mkononi.

"Kwa nini hukuniambia umechukua hii?" nikamuuliza. Hata hapo nilikuwa namgombeza.

Alinitazama, mdomo umevimba kwa ngumi yangu. Kisha akageukia ukuta. Anajua fika kwamba nisipouona mdomo sipati kitu. Akaongea na ule ukuta, nikaona mgongo wake ukitikisika, akaongea kwa muda.

"Sijasikia, shemeji," nikasema. "Rudia."

Hakurudia. Nikamuuliza mke wangu amesema nini. Hapo ndipo aliponigeukia, akasema polepole, ili nione kila neno likitoka mdomoni.

"Umeambiwa wewe, si mimi."