Ndege ya Mabanzi

Nilipoketi kwenye kiti cha rubani, mabanzi yalilia kama mlango wa ghala, na waombolezaji wote wakageuka. Nilikuwa nimevaa kofia ya marehemu na koti lake la kazini, linanuka utomvu wa paini mpaka kwapani. Masharubu nilijichora kwa mkaa. Hayakunipendeza. Mume wangu Maganga, niliyemshikisha kamba nyuma yangu, aliinamisha kichwa kama mtu asiyenijua, na sikumlaumu.

"Bi Mwantumu!" niliita. "Mwanao yuko juu ya Nyololo. Mafuta yanamwishia. Anauliza ashuke wapi?"

Mama wa marehemu alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani. Tangu habari ilipofika kwamba Bushiri amefia vitani na kuzikwa hukohuko, hakuwa ametia kitu mdomoni. Uji ulipelekwa, ukarudi. Maji yalipelekwa, yakarudi. Mashehe walimsalia mwanawe sala ya ghaibu, akasikiliza vizuri tu, kisha akasema, "Sijaona mtu aliyerudi. Nile kwa lipi?" Midomo ilikuwa imeshaanza kupasuka. Ndipo wanawake wenzake waliponijia. "Mtani, hii sasa ni kazi yako. Usipomwamsha huyu, tutawalilia wawili."

Wao Wazaramo, sisi Wasukuma. Kwenye misiba yao ndio tunaosumbua: tunamwigiza marehemu, tunamsema kwa uchoyo wake na mwendo wake, tunalala njiani jeneza lisipite. Hapa jeneza la kuzuia halikuwepo. Ilikuwepo ndege.

Bushiri aliiunda mwaka sabini na sita, alipoanza kazi kwenye mashine ya kupasulia mbao Mafinga. Kabla ya hapo alikuwa mbeba mizigo uwanja wa ndege Mbeya, na rubani mmoja alimruhusu kukaa ndani, mara moja tu. Ilitosha kumharibu. Alirudi nyumbani na kila saa ya ndani ya ndege ile kichwani, akazichora kwenye vifuniko vya makopo: ya mwendo, ya kimo, ya mafuta. Usukani ulikuwa mpini wa jembe. Pedali alizing'oa kwenye cherehani ya mama yake, ambaye alimfukuza na pasi ya mkaa mpaka barabara kuu, kisha akarudi akihema na kuuliza, "Zimekaa vizuri lakini?"

Ndege ililala juu ya gogo, mkia wake mrefu. Mtu akivuta kamba ya mkia, pua inainuka: uko angani. Adui alikuwa kopo lililovutwa juu ya kamba ya kuanikia nguo, na rubani alilipiga kwa manati. Hayo kila mtu aliyaweza. Kazi ilikuwa kutua. Puani mwa ndege Bushiri alitundika bakuli la udongo lenye maji, kwa nyuzi tatu. Ukitua maji yakamwagika, umekufa. Shuka, apande mwingine. Siku hizi wajukuu wangu wanarusha ndege za vita kwenye kompyuta, wakianguka wanabonyeza na kuanza upya. Huwa nawauliza maji yako wapi. Wananionea huruma.

"Vita si kupiga, mtani," Bushiri aliniambia. "Kupiga hata mlevi anapiga. Vita ni kurudi."

Mvuta kamba wake nilikuwa mimi, kwa kuwa wengine walimhurumia. Nilisubiri pua ikaribie ubao wa kutulia, nikaiachia kamba. Maji chwaa!

"Umekufa, Mzaramo. Nazi zimekulegeza mikono."

"Si umenidondosha wewe!"

"Upepo wa Mufindi huo. Kaushitaki."

Alicheka, akajaza bakuli upya. Hakuwahi kutua hata siku moja, wala hakuwahi kutafuta mvuta kamba mwingine.

Vita vilipokuja alikwenda kuomba urubani. Walimpa bunduki na nafasi kwenye lori. Lori lilipita hapa mchana, yeye amesimama nyuma, akatupungia mkono akiulaza kulia, akiulaza kushoto, kama bawa. Mama yake alimpungia kwa upawa aliokuwa nao mkononi.

"Nyololo, Nyololo, mnanisikia?" nilipaza sauti sasa, kofia yake kichwani. "Adui nimemtoboa, sasa nina njaa. Mama, leo umetia nazi, au umeionyesha sufuria tu?"

Wajomba walicheka. Bi Mwantumu hakucheka. Niliiga kikohozi cha Bushiri, niliiga alivyojikuna akisema uongo. Ukuta ungenijibu mapema zaidi.

"Mbuke," Maganga alininong'oneza, "mikono inateleza."

"Achia basi," nikasema kwa sauti. "Kama kawaida."

Bi Mwantumu akasimama.

Alikuja akishika bega la huyu, bega la yule, akamnyang'anya Maganga kamba. "Toka. Wewe kamba unayoijua ni ya ng'ombe." Maganga alibaki nyuma yake, mikono tayari, lakini hakuigusa.

"Weka miguu kwenye pedali," Bi Mwantumu aliniambia mimi, au aliiambia ile kofia.

Nikaweka.

"Usitazame chini. Kutazama niachie mimi."

Akailegeza kamba kidogo kidogo, kama anayepitisha hariri chini ya sindano. Bakuli, nililolijaza maji kabla sijapanda, liliyumba, likatulia, likayumba tena. Barabarani lori la mbao lilikuwa likipanda mlima kwa gia ya chini. Nilikuwa na utani mwingine mdomoni, mzuri sana. Niliumeza. Pua ilipogusa ubao, nilijua kwa miguu tu, si kwa masikio.

Maji hayakumwagika.

"Ameshuka," alisema Bi Mwantumu.

Akaja mbele, akalifungua bakuli kwenye nyuzi zake. Juu ya maji kulikuwa na vumbi la mbao. Akalipuliza pembeni, akanywa mpaka akauona udongo wa bakuli. Halafu akanitazama miguuni.

"Hizo pedali," akasema, "kesho nizikute kwenye cherehani yangu. Na futa hayo masharubu, unafanana na mjomba wake."