Mawe Manne ya Njia ya Zamani

Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha njia watu ambao hakuwaona. Kwa miaka ishirini na mitatu alipanda mlima ule wa volkano na kopo la rangi nyeupe, akichora mishale jiwe kwa jiwe, kutoka langoni mpaka ukingo wa kasoko, lile shimo la kileleni, ili mgeni asipotee hata ukungu ukishuka. Walimwita Mchoraji. Mwenyewe alicheka: mchoraji gani huyo asiyejua kuchora ila mshale?

Binti yake wa pekee alikulia kwenye mlima huo. Alipotimiza miaka ishirini na miwili alipata kibali cha kuongoza wageni, na wapagazi wakambandika jina la Chapuchapu, maana alipanda kama watu wengine wanavyoteremka. Mama yake hakuipenda kazi hiyo hata chembe.

"Mmoja mlimani ananitosha," alisema. "Sasa mnataka nibaki nikipiga soga na sufuria?"

Lakini kila binti alipoondoka, yeye ndiye aliyemfungia chakula na kumkagua kamba za viatu kama mtoto wa chekechea.

Mwaka huo mlima ukaanza kukohoa. Juu ya bonde la tatu ardhi ilipasuka, ufa ukatoa mvuke wenye harufu ya kiberiti, na udongo wa kandokando ukawa kama ukoko: juu mgumu, chini hamna kitu. Mkuu wa hifadhi alifunga lango, akaagiza njia ihamishiwe upande wa pili. Mchoraji achore mishale mipya, na ile ya zamani aisugue kwa brashi ya waya isibaki hata mmoja.

Mipya aliimaliza. Ya zamani aliifuta kumi na mmoja. Yakabaki mawe manne, kuanzia pale njia mbili zinapoachana. Mvua ikamnyeshea, goti nalo lilikuwa likimuuma tangu asubuhi. Akajiambia, kesho nitamalizia, lango bado limefungwa. Alipofika chini mlinzi wa lango akamwuliza, "Vipi, tayari?"

"Tayari," akajibu, kama mtu anavyoitikia salamu bila kuisikiliza.

Mlinzi alilipeleka neno hilo ofisini. Alfajiri lango likafunguliwa. Mwongozaji wa zamu alikuwa na homa, hivyo Chapuchapu akapigiwa simu, akatoka kwa kunyata asimwamshe baba yake, ambaye goti lilikuwa limemnyima usingizi mpaka usiku wa manane. Mchoraji aliamka jua limeshapanda. Alimkuta mkewe anaosha vikombe.

"Mtoto yuko wapi?"

"Amepanda na wageni wawili. Kwani hujui? Wamefungua njia yako mpya."

Alitoka bila viatu vya mlimani. Majuto ni mjukuu, husema watu. Yake hayakungoja hata mtoto azae. Alikuwa hajafika bonde la kwanza alipokutana na wageni wale, mtu na mkewe, wanashuka mbio huku wamejaa matope mpaka kiunoni. Mwanamume ndiye aliyeweza kusema.

"Ukungu ulikuwa mzito. Akaona mshale, tukaufuata. Halafu akanusa kitu, akatuambia, 'Simameni hapo hapo, msisogee, naangalia kwanza.' Akaenda hatua chache tu. Chache tu, mzee. Chini pakafunguka."

"Hakupiga kelele?"

"Tulisikia mvuke."

Waokoaji walipanda siku tatu mfululizo na kamba na barakoa. Kila walipokaribia, ukoko ulikatika na hewa yenye sumu ikawarudisha. Siku ya nne mkuu wa hifadhi akasimamisha kazi. Hapakuwa na maiti, wala kaburi. Watu walikaa uani, wakala, wakapeana pole, wakaondoka.

Wa mwisho alipotoka, Mchoraji alimfuata mkewe jikoni, akamwambia. Hakujitetea. Mkewe alimsikiliza akiwa ameshika kitambaa cha mezani.

"Mawe mangapi?"

"Manne."

"Manne yangekuchukua muda gani?"

"Nusu saa. Labda na kidogo."

Mkewe alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeulizia bei ya kitu asichokusudia kununua. Akakikunja kitambaa, akakikunja tena, kikawa kidogo kama kiganja. Hakulia. Mchoraji aliomba moyoni angalau amtukane.

Kesho yake alikwenda ofisini, akasema yote, akasimama akingoja kufukuzwa kazi, kushtakiwa, lolote. Mkuu alifunga mlango kwanza.

"Mzee wangu, ripoti imeshakwenda. Ukungu ndio ulioua. Ukisema hivi, mlinzi ataulizwa, na mimi niliyefungua lango bila kukagua nitaulizwa. Mtoto atarudi?"

"Harudi."

"Basi nenda ukapumzike."

Akatoka nje, asiyetakiwa hata na kosa lake. Mlinzi alimwinukia kwa heshima ya mfiwa, akamshika mkono kwa mikono yote miwili, na Mchoraji akashindwa kumwambia kwamba neno lililoua lilipitia mdomoni mwake pia.

Wiki ya sita njia ilifunguliwa tena. Wageni wakarudi, na kofia zao na vicheko vyao. Nyumbani mkewe hakuhama, wala hakuacha kupika. Alipika, akapakua, akaita, "Chakula," bila kutaja jina la mtu. Zamani alimwita Baba Chapu. Kisha alikwenda kukaa chumbani kwa binti, akafunga mlango. Mchoraji alisikia kitanda kikilia alipokaa.

Siku moja alijikaza, akagonga.

"Mama, nifungulie. Tulie pamoja."

Alisubiri pale pale mlangoni. Ndani sauti ikasema, ya chini, isiyo na hasira yoyote, "Nenda. Hapa pamejaa."

Akarudi mezani. Ugali ulikuwa umeshapoa. Akaula hivyo hivyo, tonge kwa tonge, kwa kuwa hakujua mtu hufanya nini kingine.